Mwant Yav au Mwata Yamvo?

Mtawala wa Walunda, mwenye makao yake Musumba, Kapanga, mkoani Lualaba, ana cheo ambacho kila mgeni hukitamka kivyake. Kwa Kiruund, lugha ya wenyeji, ni Mwant Yav: neno la kwanza linakatikia kwenye t, la pili kwenye v, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini, wala hakuna irabu inayofuata. Nje ya Kapanga wengi husema Mwata Yamvo. Livingstone, ambaye hakufika Musumba, aliandika Matiamvo katika kitabu chake cha 1857. Mreno Henrique de Carvalho, aliyetumwa huko miaka ya 1880, akaandika Muatiânvua. Musumba yenyewe wenyeji huiita Musumb. Je, nani asahihishwe?

Neno la kawaida likishaingia katika lugha huwa mali ya waliolipokea. Kitāb ya Kiarabu kwetu ni kitabu, tena tumeizalia vitabu. Bureau ya Kifaransa imekuwa biro, na hakuna anayedai irudishwe ilikotoka. Jina au cheo kilicho hai ni jambo jingine, kwa kuwa mwenyewe yupo na anaitika. Kila anayerithi kiti cha Mwant Yav hurithi na jina hilo, hivyo anayemtaja huwataja na waliomtangulia. Hapo haki ya kwanza ni ya mwenye jina.

Wapo watakaosema Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Mbona basi tunasema Rashid, Salim na Idris? Ulimi uliojifunza kuwaheshimu hao hauwezi kushindwa na Yav. Hoja nzito zaidi ni kwamba Mwata Yamvo nayo ina asili: Kiruund kimeangusha irabu za mwisho ambazo lugha jirani, kama Kichokwe, zimezihifadhi. Nakubali. Kwa hiyo umbo hilo si kosa, na katika vitabu vya historia libaki. Lakini ukale wa umbo haumpi jirani mamlaka ya kumchagulia mwenye jina aitweje leo.

Pingamizi la mwisho linanigusa zaidi: matamshi hugeuka fimbo. Watu wa Katanga wanalijua hilo. Wakati wa Wabelgiji, wamisionari na maofisa walijaribu kukinyoosha Kiswahili cha migodini kifuate cha pwani, na hadi leo anayesema muti badala ya mti huchekwa. Aliyechekwa hivyo asiwacheke wengine. Ndiyo maana wajibu huu nauweka kwa mwenye kipaza sauti na mwenye kalamu: mtangazaji wa Kolwezi, mwalimu, ofisa anayesoma hotuba. Hao wana nafasi ya kumuuliza mtu wa Kapanga kabla ya kusema. Mchimbaji aliyetoka Kasai akisema Mwata Yamvo kwa adabu, heshima yake imeshafika.