TAA NA UFAGIO



Wenzetu wanaofagia wodi hapa Machakos watuuliza: je, taa ya kuua vijidudu itachukua kazi yao? Twajibu wazi.

Nguvu ya taa hiyo ni kweli. Hutoa miali isiyoonekana kwa macho, iitwayo altravayoleti, ambayo huharibu kijidudu kwa ndani hata kisiweze kuzaana. Kwamba jua huua vijidudu vya kifua kikuu Dokta Robert Koch alisema mwaka 1890, na mama zetu waanikao mablanketi hawakumngoja yeye.

Lakini miali hiyo huenda moja kwa moja kama mshale. Chini ya kitanda, nyuma ya kabati, penye kivuli haifiki. Penye damu iliyoganda au uchafu haipenyi. Kwa hiyo chumba lazima kioshwe kwanza, ndipo taa iwashwe. Nani ataosha? Tajiri apunguzaye wafagiaji kwa sababu amenunua taa, amenunua hasara.

Tena taa hiyo huchoma ngozi na macho, wala mtu hasikii kitu mpaka saa kadhaa zipite. Ndipo macho huuma kama yametiwa mchanga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri amfundishe mfanyakazi na kumpa vifaa vya kujikinga. Sisi twataka swichi iwe nje ya mlango, na mafunzo yatolewe kabla taa haijafungwa. Mwanachama akiamriwa kusafisha chumba huku taa inawaka, asiingie. Amwite mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo.