Joto la jaketi haliko kwenye uzito wake

Baridi ya Juni na Julai ikishaingia, mnunuzi wa jaketi katika masoko ya mitumba ya Njombe, Mbeya, Arusha au Limuru hufanya jambo moja kabla ya mengine yote: hulinyanyua aone linavyolemea mkono. Likiwa zito, anauliza bei; likiwa jepesi, analirudisha kwenye lundo. Kipimo hicho kinawapotosha wengi na kuwapotezea fedha. Baridi ya nyanda zetu za juu ina tabia zake. Ina upepo, ina manyunyu na ukungu, hubana alfajiri na kulegea adhuhuri, na mara nyingi humkuta mtu akiwa kazini. Kwa baridi ya namna hiyo, anayetaka jaketi moja la kumfaa miaka mingi anunue la matabaka: ganda jepesi la nje linalozuia upepo na maji, na ndani yake vazi la joto linaloweza kuvuliwa peke yake. Fedha zisipotosha vyote viwili, aanze na ganda.

Nguo haizalishi joto. Joto hutoka mwilini, na kazi ya nguo ni kulichelewesha lisitoroke. Kinacholichelewesha hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi, ndiyo maana sweta la sufu lililofumwa kwa kulegea hutia joto kuliko suruali ya jinzi iliyo nzito zaidi yake. Hewa hiyo ina maadui wawili. Maji ni mmoja: hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa, kwa hiyo nguo iliyolowa humnyang'anya mvaaji kile alichokuwa amekihifadhi. Upepo ndio wa pili, na kwetu ndio unaodharauliwa zaidi. Kwa kanuni ambayo idara za hali ya hewa za Marekani na Kanada zimeitumia tangu 2001, nyuzi joto 10 zikikutana na upepo wa kilomita 60 kwa saa, uso ulio wazi huhisi kama ni nyuzi 5. Upepo wa kasi hiyo hauhitaji dhoruba. Dereva wa bodaboda anautengeneza mwenyewe kila akikaza mwendo asubuhi. Ndiyo sababu madereva wengi huvaa jaketi kinyumenyume, mgongo wa jaketi ukiwa kifuani. Wamegundua kwamba upepo hupenya kwenye meno ya zipu, na kwamba unene wa pande zote mbili hausaidii kitu kama katikati pana mlango. Ganda zuri lina ulimi wa kitambaa unaoziba zipu kwa ndani, lina kola inayofika kidevuni, na mikono yake hufungika vizuri kwenye kifundo cha mkono.

Kuna baridi nyingine inayotoka ndani ya nguo yenyewe, nayo ni jasho. Hapa mfano ulio wazi kuliko yote ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mtu anapopanda mita 1,000, na kati ya mji wa Moshi na kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, pana tofauti ya mita 5,000 hivi. Usiku ambao Moshi ina nyuzi 18, hesabu hiyo peke yake inakipa kilele nyuzi 14 chini ya sifuri, kabla hatujagusa habari ya upepo. Wapagazi wengi hawafiki kileleni, lakini hulala kambi za juu ambako maji huganda usiku. Sasa mtazame mtu huyo mchana, amebeba mzigo unaoruhusiwa kufika kilo 20, anapanda haraka ili awatangulie wageni kambini. Akivaa koti zito anatota jasho. Akilivua, upepo unampiga kwenye fulana ya pamba ambayo tayari imelowa. Akifika kambini anasimama, jasho linapoa, na lile koti alilokuwa amelifunga juu ya mzigo huenda limelowa ukungu wa msituni. Koti moja zito linampa njia mbili tu, kuvaa au kuvua. Mwenye matabaka anapanda na fulana isiyonywa jasho na ganda lililofunguliwa zipu, akisimama anaongeza sweta kabla mwili haujapoa, mvua ikija anafunga ganda juu ya vyote.

Utaratibu huu haukubuniwa na wauza nguo wa leo. Jeshi la Marekani, katikati ya Vita Kuu ya Pili, liliwapa askari wake jaketi la M-1943, lililoshonwa makusudi liwe ganda la kuzuia upepo ambalo askari huvaa sweta au bitana ya manyoya chini yake kulingana na hali ya hewa. Mpanda milima George Mallory, aliyefia Everest mwaka 1924, alikuwa amevaa hariri, pamba na sufu, tabaka juu ya tabaka, chini ya jaketi la gabadini. Nakala ya mavazi yale ilivaliwa na kujaribiwa kwenye mlima ule ule mwaka 2006, na aliyeijaribu akakuta ni mepesi na yenye joto kuliko ilivyodhaniwa. Na hapa kwetu, anayejitanda shuka mbili au tatu kwenye ukingo wa Ngorongoro, akaziachia moja moja jua linapopanda, anafuata kanuni hiyo hiyo.

Pingamizi la kwanza nitakaloelezwa ni bei, nalo ni la haki. Jaketi jipya lenye ganda na bitana ya kuvua, linalouzwa na kampuni kubwa za nje, linaweza kumla mfanyakazi mshahara wa mwezi au zaidi. Lakini matabaka yana faida ambayo koti zito halina: hununuliwa kidogo kidogo. Sweta wengi wanalo tayari. Linalokosekana ni ganda, na ganda ndilo ambalo wanunuzi wenzako wanalitupa kwenye lundo kwa kuwa ni jepesi, hivyo mara nyingi bei yake sokoni haitishi. Kinachotakiwa ni kujua kulichagua. Libane kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Ukihisi pumzi upande wa pili, upepo nao utapita. Ligeuze ndani nje utazame mishono: iliyofunikwa utepe mwembamba uliogandishwa haivuji, isiyo na utepe itavuja mabegani mvua ikidumu. Pitisha kidole kwenye utando wa ndani. Ukinata, au ukibanduka vipande kama magamba, liache hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwa sababu utando ukishaanza kubanduka hakuna fundi wa kuurudisha. Likiwa na zipu kwenye makwapa, mwenye kazi ya nguvu asilikose. Mwisho livae juu ya sweta lako nene kabisa, unyooshe mikono mbele kama anayeshika usukani wa pikipiki. Ganda linalobana linaikandamiza ile hewa tuliyosema, na linalopanda na kuacha kiuno wazi halikufai.

Lipo pingamizi jingine ambalo nalikubali kwa sehemu. Mlinzi wa usiku, anayekaa getini saa kumi na mbili bila kutembea, anahitaji unene, na hapo jaketi lililojazwa manyoya ya bata au pamba za polista hushinda sweta. Mwili uliotulia huzalisha joto dogo, hivyo nguo inayolichelewesha kidogo haitoshi. Hata hivyo manyoya ya bata yakilowa hulala chali, hewa ikatoka na joto likaondoka nayo. Polista hustahimili unyevu vizuri zaidi, na kwa ukungu wa Makete au Kinangop ndiyo ningemshauri mtu achukue. Naye mlinzi akija na ganda juu ya jaketi lake la unene, mvua ya saa nane usiku haitamkosesha kazi. Kwa hiyo hata anayehitaji unene bado anauhitaji chini ya ganda.

Ninachokitaka zaidi kinahusu walioajiriwa kufanya kazi kwenye baridi. Mgeni anayepanda Kilimanjaro hulipa zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na kabla ya safari hupewa orodha ndefu ya nguo, tabaka kwa tabaka. Mpagazi anayembebea nguo hizo mara nyingi hupanda na alichonacho. Tangu 2003 shirika la kutetea wapagazi lililoko Moshi limekuwa likiwaazima mavazi ya mlimani bila malipo, kazi ya kushukuriwa, lakini usalama wa mfanyakazi hauwezi kuachwa utegemee nguo za msaada. Kwenye malango ya hifadhi mizigo hupimwa kwenye mizani, na inayozidi hupunguzwa. Pale pale, kwa dakika chache, iangaliwe pia kama kila mpagazi ana ganda lisilopitisha maji na vazi la joto la kuvaa ndani yake, na kampuni isiyowavalisha watu wake isiruhusiwe kupanda siku hiyo. Wenye kampuni watasema nguo hupotea au huuzwa. Basi ziwe mali ya kampuni, zigawiwe kwa saini langoni na kurudishwa safari ikiisha, kama yanavyogawiwa na kurudishwa mahema na majiko.