Kanda Ipi ya Sugu Ni Kali? Uliza Uone Nyumba Inavyogawanyika

Ukitaka kuwajua watu wa Mbeya na Iringa waliokuwa sekondari miaka ya tisini, achana na habari za viazi, chai na baridi. Wakusanye sebuleni, wape soda, halafu tupia swali moja tu: albamu kali kuliko zote za Sugu ni ipi? Kisha kaa pembeni uangalie sinema ya bure. Mhasibu aliyekuja na mke wake kistaarabu atalegeza tai. Dada wa benki atasimama na kijiko mkononi. Itafika saa tano usiku pilau imepoa na hakuna aliyeshinda.

Kwa nyie wadogo zangu mnaomjua kama mwanasiasa tu: huyu Joseph Mbilinyi, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, alianza kama rapa, na amekulia Mbeya hii hii. Kwanza alijiita 2 Proud, baadaye Mr. II, kisha Sugu. Hesabu mwenyewe: Ni Mimi 1995, Ndani ya Bongo 1996, Niite Mr. II 1998, Nje ya Bongo 1999, Millenia 2000, Muziki na Maisha 2001, Itikadi 2002. Albamu saba ndani ya miaka minane, enzi ambazo hukuwa na intaneti ya kutupia wimbo usiku ukaamka staa. Na nyingine zikafuata. Mtu wa namna hiyo lazima aache ubishi nyuma yake.

Kijiwe chetu ni cha familia kama saba hivi, nusu Mbeya, nusu Iringa. Tunakutana kwenye harusi, kipaimara na msiba, na ubishi tunaubeba kwenye gari. Unaanza Uyole, unapamba moto Igawa, Makambako mnashuka kula nyama mkiwa mmenuniana, Mafinga mnapatana, mkikaribia Ipogolo mmeanza upya. Mimi ni mtoto wa Mwanjelwa. Mama watoto wangu ni wa Kihesa, Iringa. Tuna miaka 16 ya ndoa na watoto watatu, na kwenye suala hili hatujawahi kukubaliana hata siku moja.

Chama changu ni Ndani ya Bongo. Wewe uliyezaliwa juzi unaweza usione uzito wa jina hilo. Miaka ile "Bongo" ilikuwa Dar es Salaam. Mjomba akirudi likizo na viatu vipya anasema anatoka Bongo, na sisi tuliobaki huku na masweta yetu tulikuwa watu wa mikoani, basi. Halafu anatokea mtu aliyekulia kwetu, kava la kanda yake limeandikwa Ndani ya Bongo. Pale Mwanjelwa tuliona kama wote tumeingia, tena kwa mlango wa mbele, bila nauli.

Halafu kuna suala la lugha. Rap ya Kiswahili ilikuwa bado inajifunza kutembea. Saleh Jabir alishaweka maneno ya Kiswahili kwenye biti ya Vanilla Ice mwaka 1991, watu wakashangaa kumbe inawezekana. Kwanza Unit walikuwa wakali, nani abishe, lakini mistari yao mingi ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chetu sisi kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. 2 Proud alichana kwa Kiswahili kile kile tulichogombania mpira. Ukimsikiliza unajua anamsema nani, na huyo nani unamjua, anakaa mtaa wa pili.

Mama watoto husikiliza hotuba yangu yote, anatabasamu, anachukua chai yake, halafu anataja wimbo mmoja tu. Hali Halisi. Upo kwenye Niite Mr. II, ile ya 1998. Hapo meza nzima huwa inatulia, maana wote tunajua kinachofuata.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa kati ya wale waliopunguzwa kazini enzi mashirika ya umma yanauzwa. Mzee wa Kihehe kwelikweli, maneno machache, redio yake ni ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Rap kwake ilikuwa kelele za wahuni, na mtoto wa kike kuonekana na kanda ya namna hiyo ilikuwa kesi. Siku moja wimbo ule ukapigwa. Ukamkuta amekaa, anasikiliza habari za maisha magumu, za wanasiasa, za polisi na vijana wasio na kazi. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe. Hakuzima. Akaongeza sauti. Mke wangu alikuwa kidato cha pili, na anasema ilikuwa mara ya kwanza yeye na baba yake kupenda kitu kimoja.

Sasa wewe mtu wa Mwanjelwa na hoja zako za kava, utamjibu nini mtu kama huyo?

Mimi bado namjibu. Hali Halisi ni wimbo mkali kuliko wowote uliomo kwenye Ndani ya Bongo, hilo nimeliandika hapa alikate atundike jikoni. Hata Waholanzi waliotengeneza filamu kuhusu rap ya Tanzania mwaka 1999 waliipa filamu yao jina hilo hilo. Lakini swali letu ni la albamu, siyo la wimbo. Albamu ni kanda unayoiweka asubuhi ya Jumamosi, unafua, unageuza upande, unaanika, na hujaruka kitu. Kwa kipimo hicho sijahama.

Wapo na wale wa Ni Mimi. Kiongozi wao ni shemeji yangu mmoja mwalimu wa hesabu, na hoja yake haijabadilika toka tumjue: ndiyo iliyotangulia. Huwa namwambia shem, kuwahi kufika darasani siyo kuongoza mtihani. Hanisikii. Wa Muziki na Maisha ni wachache na wapole, maana mwaka 2001 ndiyo Profesa Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu, na ukiitaja tu hiyo albamu watu wanasahau walichokuwa wanabishania.

Siasa nazo zimetuharibia ladha. Tangu 2010, ukisifia kanda ya Sugu hadharani pale Mbeya kuna mtu anadhani unampigia kampeni, na ukiikosoa umetumwa. Mei 2024, Sugu alipomshinda Mchungaji Msigwa wa Iringa kwenye uenyekiti wa Kanda ya Nyasa ya CHADEMA, nyumbani kwangu chai ilinywewa kimya siku mbili, na wala hakuna mwenye kadi ya chama. Tuyaache.

Kitu ambacho vijana hawakijui ni kwamba wengi wetu hatukuwahi kuwa na kanda yenyewe. Kanda halisi, yenye kava la rangi, ilikuwa ya wenye nazo. Sisi wengine tulikwenda kwenye vibanda vya kurekodi. Unapeleka kanda tupu ya dakika 60, nusu saa kila upande, unalipa, unarudi kesho. Jamaa wa kibanda ndiye alikuwa anaamua. Akijisikia anakuanzishia na wimbo wa Tupac kama zawadi, na zawadi hiyo inakula nafasi, kwa hiyo mwisho wa upande wa pili wimbo unakatwa katikati, tap, kanda imeisha. Mwingine anabadilisha mpangilio. Mwingine anachanganya albamu mbili. Kwa hiyo sebuleni kwangu kuna watu miaka yote wanagombana juu ya albamu moja, na kila mmoja kichwani ana albamu yake tofauti. Mke wangu mpaka leo anaamini kuna wimbo wa Tupac ndani ya Niite Mr. II.

Sasa niwaambie kisa kilichonifanya nichukue kalamu mwezi huu, maana ukurasa huu ni wa mapenzi, siyo wa muziki.

Kwenye kijiwe chetu kuna mke na mume, bibie wa Mafinga, bwana wa Mbeya. Mwaka 2019 walimaliza nyumba yao Uyole, wakahama. Katika hamahama ile bwana akalitupa boksi moja la viatu lililokaa juu ya kabati toka wameoana. Ndani kulikuwa na kanda 12. Redio ya kaseti hawana, mashine ya kuzipiga haipo nyumba nzima, kwa hiyo kwa mtu yeyote wa nje ule ni uchafu wa plastiki. Bibie alipogundua, gari la taka lilishapita. Hakupiga kelele. Aliacha kuongea. Wiki mbili, chakula mezani, nguo zimepigwa pasi, neno hakuna. Dada zangu mnaijua hiyo silaha.

Kanda moja humo ilikuwa Niite Mr. II. Aliinunua akiwa kidato cha pili. Likizo ilipofika alipanda lori la mbao kutoka shuleni mpaka Mafinga, amekaa juu ya mzigo na baridi lile, ili nauli aliyotumiwa na wazazi ibaki. Hiyo nauli ndiyo ikawa kanda.

Wakaletwa kwetu kusuluhishwa. Bwana anasema hakujua, angejuaje, vitu havijaguswa miaka sita. Mama watoto akamwangalia kwa muda, akamuuliza taratibu: "Shemeji, ni kweli hukujua?" Jamaa akajikuna kichwa. Ndipo yakatoka. Kanda ile ilikuwa na mwandiko wa kiume. Jina la mkewe, na kimoyo kimechorwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Aliuona mwaka wa kwanza wa ndoa akanyamaza. Miaka sita kila akiliangalia lile kabati anamuona huyo jamaa amekaa juu yake.

Mke wangu akanyanyuka bila kusema kitu, akaingia chumbani, akarudi na kanda yake. Jina lake, mwandiko ule ule, kimoyo kile kile chekundu. Alikuwa ni jamaa wa kibanda cha Miyomboni! Alimchorea kila mteja. Bibie anasema hata kanda ya kwaya ya mama yake ilikuwa na kimoyo.

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Bibie peke yake hakucheka. Alimwambia mumewe hivi: "Ungeniuliza siku ile ile, ingekuwa dakika moja." Na mimi sina cha kuongeza hapo, isipokuwa niwaambie akina kaka kwamba wivu wa miaka ambayo hukuwepo ndiyo mbaya kuliko wote, kwa sababu hakuna wa kumfumania. Mwenzako alikuwa na miaka 15, 20, 25 kabla yako. Alipanda malori, alificha kanda chini ya godoro, alimpenda mtu au hakumpenda. Ukimuuliza albamu gani kali, hizo ndizo habari anazokupa, kama utatulia umsikilize badala ya kumsahihisha tarehe. Jaribuni wiki hii. Msiulizane habari za wapenzi wa zamani, hiyo ni mitego. Mwulize kanda ya kwanza aliyoinunua kwa pesa yake ilikuwa ipi, na pesa aliitoa wapi. Kwa vijana, mwulize wimbo wa kwanza aliouweka kwenye simu yake. Halafu funga mdomo.

Turudi Uyole. Bwana alianza kuisaka ile kanda. Alizunguka Mwanjelwa, Kabwe, Sokomatola, akawa anacheka nao mafundi redio kama ndugu zake, yeye ambaye maisha yake yote ni shabiki wa Koffi Olomide. Ilimchukua miezi minne. Mzee mmoja fundi redio akaitoa kwenye droo ya misumari: Niite Mr. II halisi, kava lake limechubuka, bei akaitaja kama anauza kiwanja. Na redio ya kaseti mzee akamuazima kwa siku mbili.

Tulikuwepo siku inapigwa. Bibie alikaa chini kwenye zulia, karibu na spika. Upande wa kwanza alikuwa anaimba mistari yote, hata pumzi anavuta pale pale. Upande wa pili hivyo hivyo. Ukafika wimbo wa mwisho, akafika pale kanda yake ya Miyomboni ilipokuwa inakatika, akanyamaza, mkono umeenda wenyewe kwenye kitufe.

Wimbo ukaendelea.

Alimgeukia mumewe macho yamemtoka. "He! Kumbe kuna ubeti mwingine?" Akairudisha, akaupiga tena ubeti ule peke yake mara tatu, na sisi tukiwa tumesimama na funguo za gari mikononi, tunashindwa kuaga.