Fundi wa kompyuta naye apimwe



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuwaambia habari za kofia, botini, vumbi la mapafu na maji ya kuchemsha. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kisicho na vumbi wala kelele: mashini ya kompyuta, na mtu anayeitengeneza. Usiseme, «Hayo ni mambo ya biro, hayanihusu.» Yanakuhusu wewe unayeshuka chini ya udongo, na yanamhusu mtoto wako anayeletwa hopitali usiku.

Sikilizeni jambo lililonipata mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika dispensari moja nilimokuwa nikitumika, habari zote za wagonjwa zilihamishwa kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya. Kijana aliyefanya kazi ile alikuwa na adabu na bidii. Lakini hakuna aliyemfundisha kwamba ukimaliza kuhamisha, lazima ulinganishe jina kwa jina kabla ya kufuta ya zamani. Watu wawili wenye jina moja wakageuka mtu mmoja.

Siku moja akaja mchimbaji mwenye kidonda kibaya mguuni. Kwenye kompyuta hapakuwa na katazo lolote. Nilikwisha kuvuta penisilini ndani ya sindano. Ndipo yaya mmoja, munganga wa siku nyingi, akaniambia, «Ngoja kwanza, huyu namjua.» Akafungua sanduku la karatasi za zamani. Kwenye karatasi ya yule baba iliandikwa kwa wino mwekundu: asipewe penisilini. Niliweka sindano chini, mikono ikitetemeka.

Kosa lilikuwa la nani? Langu pia, kwa kuwa sikumwuliza mgonjwa. Wengine walimlaumu kijana peke yake. Mimi nasema kosa kubwa ni la sisi sote tuliomkabidhi kazi bila kujua kipimo chake.

Tazameni. Mimi nilisoma shule ya ufundi ya uganga, nina A2. Herufi hiyo inamjulisha kila mtu kazi ninayoweza kufanya na ile nisiyoruhusiwa. Kabla ya kuchoma sindano peke yangu, nilichoma mara nyingi mkubwa akiniangalia. Mtu wa baruti hashiki baruti bila ruhusa. Dereva wa lori kubwa anajaribiwa kabla ya kupewa usukani. Lakini fundi wa kompyuta, nani amempima? Mmoja amesoma miaka mitatu katika chuo, mwingine miezi mitatu katika kituo cha mtaani. Mmoja amejifunza kwenye mashini, mwingine amenakili ubaoni kwa sababu umeme ulikatika. Wote wanaitwa «watu wa informatiki», na wote wanapewa funguo zilezile.

Wazee wa Kolwezi wanakumbuka wakati Gécamines ilipokuwa na shule zake yenyewe za kufundisha mafundi. Mwaka 1986 ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Kisha yakaja mashaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilianguka, na shaba ikapunguka sana. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, uliolipwa kwa fedha za Banki ya Dunia. Wengi waliondoka na ujuzi wao kichwani, bila kumwachia mtu. Baadaye kampuni mpya zikaja, pamoja na kompyuta za kufuata malori, kulinda pampu na kuhesabu watu. Mashini zimefika mbele ya walimu.

Msidhani ni shida ya kwetu peke yake. Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashini ya kutibu kansa kwa mionzi, jina lake Therac-25, iliwaunguza wagonjwa 6, na baadhi yao wakafa. Mashini ya kabla yake ilikuwa na vizuizi vyake mbali na kompyuta. Hii mpya iliachia programu kazi hiyo. Programu iliandikwa na mtu mmoja, na katika kesi watu wa kampuni hawakuweza kueleza alisoma wapi wala alikuwa na uzoefu gani. Hata waliotumia mashini walizoea kuona alama ya kosa kwenye kioo, wakabonyeza iendelee.

Wengine watasema vijana wa leo wanaijua kompyuta tangu utoto. Ndugu, kutembeza vidole kwenye simu si ufundi, kama vile kumeza dawa si uganga.

Basi naomba mambo haya:

1. Wakubwa wa kazi wampe kila fundi wa kompyuta karatasi inayoonyesha anayoyajua, na wamjaribu kila mwaka, hata akiwa wa kampuni ndogo ya mkataba. Asiyejua afundishwe kwa gharama ya kampuni, asifukuzwe.

2. Mashini inayolinda uhai isiguswe na mtu mmoja peke yake. Mmoja afanye, wa pili ahakikishe.

3. Karatasi za zamani zisitupwe mpaka mpya zimelinganishwa.

4. Wewe mchimbaji, usiache kutundika jetoni yako, kile chuma chenye namba yako, hata kama kioo kinasema umekwisha kutoka. Kioo kikisema moja na macho yako yakaona lingine, simama, mwite mkubwa.

5. Wewe mama, mwambie munganga dawa inayomdhuru mtoto wako, hata asipokuuliza.

Na wewe kijana wa informatiki, usione haya kusema, «Hili sikufundishwa.» Mimi nalisema neno hilo mbele ya daktari karibu kila juma, na hakuna mgonjwa aliyeumia kwa sababu hiyo.

Kinga ni bora kuliko dawa.