Asali Haioteshi Mizizi, Wasee

Asali haioteshi mizizi. Mdalasini hauoteshi mizizi. Kile kiazi ulichotoboa ukachomeka tawi la waridi ndani hakioteshi mizizi pia. Kinaoza tu, na kikiwa na bahati kinachipuka chenyewe, unabaki na shamba la waru dirishani. Nasema hivi nikijua nusu ya watu wanaotengeneza video za mimea huku kwetu wataninunia. Wanune.

Kinachoniudhi si asali yenyewe. Asali ni tamu, kula. Kinachoniudhi ni yule dogo wa Kamakwa au King'ong'o, ako kwa bedsita, ameona video ya sekunde thelathini: tawi linakatwa, linachovywa kwa asali, halafu paap, mizizi imejaa kama ndevu. Kati ya tawi na hiyo mizizi kuna siku arobaini zimekatwa, na uongo wote umefichwa hapo. Hatujaonyeshwa kama ni tawi lilelile. Hatujaonyeshwa yale tisa yaliyooza. Dogo anajaribu, linakufa. Anajaribu tena, linakufa. Mara ya tatu anasema, "Mimi sina mkono wa kupanda," anaacha. Hiyo sentensi ndiyo naipiga vita leo.

Huku mlimani tumelelewa na hiyo imani kwamba kuna watu wana mkono. Shosho fulani akidunga kijiti popote kinashika, wewe ukidunga kinakauka. Sawa, lakini umewahi kumwangalia shosho vizuri? Anapanda mvua ikianza, Machi au Oktoba. Anadunga nyuma ya nyumba, mahali jua la saa sita halifiki. Anatumia tawi lililokomaa kiasi, si lile laini la juu linalopinda kama uzi. Na akishadunga anaenda zake, hachomoi kila asubuhi kuangalia kama kuna mzizi. Huo si mkono. Ni utaratibu, na utaratibu mtu yeyote anaweza kujifunza.

Kanuni yenyewe ni moja. Jani linapoteza maji mchana kutwa. Mmea wenye mizizi unarudisha maji hayo kutoka ardhini. Kijiti ulichokata sasa hivi hakina mizizi, kwa hivyo kinatoa bila kupokea, kama mtu anayetuma pesa kwa M-Pesa kila saa na hakuna anayemtumia yeye. Salio likiisha kabla mizizi haijatoka, kwisha. Kazi yako yote ni kupunguza matumizi mpaka mshahara uingie, na kuhakikisha kijiti hakiozi kikisubiri. Kiu na kuoza, hao ndio maadui wawili. Asali haitibu kiu. Kwa udongo wenye unyevu, sukari inaalika ukungu. Mdalasini unaweza kupunguza ukungu kidogo, lakini kupunguza ukungu si kuotesha mzizi.

Usiniamini mimi. Panda matatu ya Othaya, ushuke upande wa Chinga, Iriaini au Gitugi, uulize mtu mwenye kitalu cha majani chai, ile tunaita nasari. Wakulima wadogo wa chai Kenya ni zaidi ya nusu milioni, na kwa miongo mingi wamepanda chai iliyooteshwa kwa vipandikizi. Ule mchai maarufu wa 6/8 ni kichaka kimoja kilichokatwakatwa na kuoteshwa tena na tena mpaka kikafunika milima. Hata ule wa zambarau, TRFK 306, uliotolewa kwa wakulima mwaka wa 2011, unaenezwa hivyo hivyo.

Sasa angalia wanavyofanya. Kipandikizi cha chai ni jani moja tu na kipande cha shina cha sentimita tatu au nne. Kinadungwa kwa mfuko mdogo ambao juu umejazwa udongo mwekundu wa chini, ule usio na mbolea, kwa sababu mbolea ndiyo inaleta kuoza. Mifuko inamwagiliwa, inafunikwa na plastiki iliyopinda juu ya fito, kingo zinafukiwa ili hewa yenye unyevu isitoroke. Juu ya hapo kuna kivuli. Halafu wanasubiri, takriban miezi mitatu, ndipo plastiki inaanza kufunguliwa pole pole. Hakuna asali. Hakuna kiazi. Na vinashika kwa maelfu, kwa mikono ya watu ambao hawajawahi kuambiwa wana baraka yoyote.

Hiyo ndiyo aibu yetu. Tunaishi katikati ya watu wanaojua kuotesha vipandikizi kushinda karibu mtu yeyote kwa hiyo skrini yako, na bado tunangoja mtu wa California atuambie tuweke mdalasini. Kwa nini? Kwa sababu mzee wa nasari ana gamboti na matope, na video ya California ina muziki. Tumeanza kuona ujuzi wa nyumbani kama ushamba.

Basi leta nasari kwa bedsita. Unahitaji chupa ya soda ya lita mbili, udongo mwekundu wa kuchimba chini kidogo, mchanga wa mto wa kuchanganya, na kisu kikali. Pitisha kisu kwa moto au ukifute kwa spiriti. Kata tawi la urefu wa sentimita kumi hadi kumi na tano, nene kama penseli hivi, na ukate chini tu ya kifundo, pale jani lilipotokea, kwa sababu mimea mingi hutoa mizizi hapo. Toa maua yote na vitumba, hayo yanakula akiba bure. Toa majani ya chini, acha mawili au matatu juu, na kama ni makubwa yakate nusu. Toboa shimo kwa kijiti kwanza, usisukume tawi kwa nguvu likachubuka. Sehemu iliyokuwa chini ibaki chini, ukiligeuza umepoteza wakati. Bana udongo, mwagilia mara moja vizuri, funika na chupa iliyokatwa.

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini karatasi ya mkate bado iko, na inafanya kazi ileile. Weka mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Jua likipiga ile chupa, umepika mboga.

Halafu ngoja. Hapa ndipo wengi tunaanguka, kwa sababu hakuna kitu cha kupiga picha. Jani jipya likitokea usishangilie, linaweza kuwa limetumia akiba ya shina tu. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kidogo sana. Likikataa kutoka, limeshika. Usitoe chupa mara moja, fungua saa moja leo, mbili kesho, liizoee hewa ya huku.

Na hewa ya huku si moja. Nanyuki kuna upepo mkavu, ukisahau kufunika hata mchana mmoja umezika. Nyeri mwezi wa saba, ile baridi ya gathano, udongo unapoa mpaka mizizi inalala. Utangoja mara mbili ya muda na kijiti kinaweza kuoza kikingoja. Kama lazima ufanye wakati huo, weka chombo ndani, mahali penye joto kidogo, na upunguze maji. La sivyo ngoja Oktoba.

Nitakuambia pia kile video hazisemi: kanuni hii ina mipaka. Jeraniamu na mimea yenye shina la maji usiifunike. Acha kidonda kikauke kwanza siku moja au zaidi, maana adui wake ni kuoza, si kiu. Ule mmea wa nyoka wenye kingo za njano, ukiotesha kipande cha jani, mtoto hutoka kijani kitupu. Ukitaka njano, gawanya shina la chini. Kahawa ukitumia tawi la pembeni itakua ikilala badala ya kusimama. Lazima uchukue chipukizi lililosimama wima. Na ile mbegu ya parachichi kwenye glasi ya maji, kila mtu anaipenda, lakini mti wa mbegu ya Hass haukupi Hass. Miparachichi na mimakadamia unayoona Murang'a imeunganishwa, tawi la mti mzuri juu ya mche mwingine. Mtu asikudanganye kwamba utadunga kijiti cha parachichi uvune.

Najua jibu linalokuja. "Lakini mimi niliweka asali na ikashika." Iliyoshika ni nini? Kama ni jeraniamu, au ule mmea wa kutambaa tunaouita mmea wa pesa, ungeweka hata chai ya rangi ungeshika. Mimea hiyo haihitaji msaada, inahitaji tu usiiue. Ukitaka kunishinda, chukua vijiti kumi vya waridi kutoka mti mmoja, siku moja, udongo mmoja. Vitano weka asali, vitano usiweke. Tuonyeshe vyote kumi. Hiyo ndiyo video naisubiri, na hakuna anayeitoa, kwa sababu haina uchawi.

Kuna pia wanaosema unga wa homoni wa agroveti ni wizi. Hapo siungani nao. Homoni ya mizizi ni kitu halisi. Wanasayansi waliielewa miaka ya 1930, na kwa mimea migumu inasaidia. Lakini hata huo unga hauleti maji. Kijiti kilichopakwa homoni kikaachwa juani kitakufa kikiwa na homoni yake.

Na tuongee chapaa, maana hapo ndipo inauma. Kuna muuzaji mmoja wa kando ya barabara aliniuzia waridi kwa shilingi mia tatu, limesimama kwa kopo, lina ua moja jekundu. Wiki ya pili nilipoinua, lilitoka mzima mzima kama kijiko kwa uji. Tawi tupu, limedungwa juzi. Mtu asiyejua kanuni hawezi kumuuliza muuzaji hata swali moja. Anayejua anashika shina, anavuta kidogo, anaendelea na safari yake. Ujuzi huu ni ulinzi. Na kwa mtu hana kazi, ambao ni wengi wetu, vijiti ishirini vya rosemari vilivyoshika ni kitu cha kupeleka Karatina siku ya soko, na mtaji wake ulikuwa chupa za soda.

Hii vita si mpya huku. Wangari Maathai, mtoto wa Ihithe hapa hapa Nyeri, alipoanzisha Green Belt Movement 1977, kulikuwa na wataalamu walioona wanawake wa kijijini hawawezi kuotesha miti bila masomo ya misitu. Wanawake wakatumia vyombo vilivyovunjika na akili waliyokuwa nayo ya kupanda chakula, wakaotesha mamilioni. Wao walitegemea sana mbegu, si vijiti, lakini hoja ni moja. Wakati ule uliambiwa huwezi kwa sababu huna diploma. Leo unaambiwa huwezi kwa sababu huna mkono, au huna ile siri ya asali. Yote yanakuondoa kwa udongo.

Kwa hivyo wenzangu wa kontenti, ombi langu ni dogo. Onyesheni siku ya kumi, siku ya ishirini, siku ya arobaini. Onyesheni iliyooza na mseme kwa nini. Mimi hudunga kumi kwa wakati mmoja, saba zikishika nashukuru, na zile tatu nazipiga picha pia. Mkisema kumi kati ya kumi kila wakati, mnamwambia dogo kwamba shida ni yeye. Laiki zenu zisilipwe na moyo wa mtoto wa mtu.

Na wewe dogo uliyeacha baada ya mara tatu: huna shida ya mkono. Ulinyimwa habari. Kata asubuhi mapema kabla jua halijapanda, punguza majani, funika, weka kivulini, kisha tafuta kitu kingine cha kufanya kwa wiki sita. Andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu ili usishawishike kuchomoa. Ukiwa na swali ambalo sijajibu, kabla hujauliza simu, uliza mtu yeyote aliyewahi kufanya nasari ya majani chai. Huku kwetu hawako mbali.