Friji Ingurumapo Usiku

Idi ya kuchinja haiko mbali, na katika nyumba nyingi za mwambao wetu akina mama wamekwisha kuanza kupunguza vilivyomo ndani ya friza ili nyama ipate nafasi. Ni wakati kama huu ambapo malalamiko ya friji huzidi: moja inanguruma usiku kucha hata mzee wa nyumba hapati usingizi, nyingine inagandisha juu ilhali maziwa ya chini yanaharibika. Kwa hivyo tumeonelea juma hili tuzungumze juu ya chombo hiki, ambacho hatukikumbuki mpaka siku kinapoanza kulalamika.

Si kila sauti ni ugonjwa. Friji iliyo nzima huvuma inapofanya kazi, hutoa mlio mdogo inapowaka na kuzima, na wakati mwingine husikika kama maji yanayotiririka ndani yake. Hiyo ni gesi inayopita katika mabomba. Sauti ya kuangaliwa ni ile iliyobadilika. Na kabla ya kumwita fundi, tutazame kwanza miguu ya friji. Sakafu za nyumba zetu za kale, hasa Mji wa Kale wa Mombasa na kule Lamu, mara nyingi haziko sawasawa, na friji iliyoinama hutikisika. Miguu yake huzungushwa kwa mkono ikapanda au kushuka. Isogezwe pia mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, na yale masinia na masufuria tuliyoyapanga juu yake yaondolewe. Zipo nyumba ambazo ngurumo yote ilikuwa ni ya sinia.

Ikiwa sauti ni ya kukwaruza na inatoka ndani, tena katika friji za aina ile isiyofanya barafu ukutani, basi yaelekea feni inagonga barafu iliyojikusanya nyuma ya ukuta wa friza. Dalili yake nyingine ni kuwa juu kunaganda na chini kuna joto, kwa maana baridi haipati njia ya kushuka. Dawa ya kwanza haina gharama: tuchomoe waya, tutoe vyakula, tuache milango wazi mchana na usiku mzima, na tutandike mataulo chini. Kisu kisitumike kamwe kubandulia barafu. Tobo moja dogo katika bomba la ndani hutosha kuifanya friji nzima kuwa kabati la vyombo. Iwapo baada ya juma moja au mawili sauti imerudi, hapo kile kifaa cha joto kinachoyeyusha barafu, au kinachokiongoza, kimekufa, na kazi hiyo ni ya fundi.

Iko sauti ya tatu, nayo ndiyo iliyowagharimu wengi pasipo sababu. Friji inajaribu kuwaka, inavuma kwa sekunde chache, inalia “ta!” na kunyamaza, baada ya dakika kadhaa inarudia. Huenda umeme ni hafifu kwa saa hiyo, au kile kifaa kidogo cha kuwashia kilichobandikwa ubavuni mwa kompresa kimeungua. Kifaa hicho ni cha bei nafuu kabisa ukilinganisha na kompresa yenyewe. Basi fundi asemapo kompresa imekufa, tumwombe kwa adabu ajaribu kwanza kubadilisha kifaa cha kuwashia, mbele ya macho yetu.

Vivyo hivyo katika suala la gesi. Gesi ya friji si kama ile ya mtungi wa kupikia ambayo hutumika ikaisha. Imefungiwa ndani ya mabomba na huzunguka humo miaka na miaka. Ikipungua, pana pahali inapovuja. Fundi anayeongeza gesi bila ya kutafuta tobo atarudi tena baada ya miezi michache, na malipo yatarudi pamoja naye. Huku kwetu hewa ya chumvi hula mabomba ya nyuma, kwa hivyo swali la “inavuja wapi?” lina uzito zaidi kuliko bara. Isitoshe, friji nyingi za siku hizi hutumia gesi iitwayo R600a, ambayo hushika moto. Jina lake huandikwa kwenye kibandiko cha kompresa au ndani ya friji. Siku fundi anapoifungua, madirisha yawe wazi, jiko lizimwe, na chetezo cha udi kikae mbali. Pia si vyema mama abaki peke yake nyumbani na fundi asiye maharimu wake; miadi ipangwe saa ambayo mume, kaka au mtoto mkubwa yupo.

Kaskazi nayo ina hesabu yake. Kwenye kibandiko kilichomo ndani huwa pana herufi: N ni friji iliyotengenezwa kwa joto la chumba lisilozidi nyuzi 32, ST ni mwisho nyuzi 38, na T ni mwisho nyuzi 43. Friji za mitumba zitokazo Ulaya baadhi yake ni N. Ukiitia moja jikoni, mwezi wa pili, na chapati ziko motoni, itafanya kazi bila ya kupumzika na hatimaye itachoka. Anayenunua na asome herufi hiyo kabla ya kuvutiwa na rangi.

Turudi kwenye nyama, kwa kuwa hasara kubwa iko hapo. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sufuri, na sehemu ya chini isizidi nyuzi 4. Ikizimika ghafla, mlango usifunguliwe: friza iliyojaa huweza kuhifadhi baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24, lakini sehemu ya chini ni saa 4 tu. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu yaweza kugandishwa tena. Iliyolainika na kupata joto kwa zaidi ya saa 2 si ya kujaribiwa kwa kunusa. Vijidudu vingine havina harufu. Kwa hivyo uamuzi ni wa saa za mwanzo: kuomba nafasi kwa jirani, kupika, au kugawa ingali nzuri. Fungu la maskini lisingoje friji iharibike ndipo likumbukwe.

Wapo pia dada zetu ambao friza ndiyo duka lao. Wanauza barafu za ukwaju, sambusa za kukaanga, samaki. Kwao tunasema kwa upole: sambusa za nyama zilizoyeyuka usiku wa giza na kuganda tena alfajiri huonekana nzuri, na mnunuzi hana njia ya kujua. Anayejua ni muuzaji peke yake. Nao waume wasiione gharama ya fundi kuwa ni ya mke kwa sababu tu yeye hupata chochote humo. Maziwa ya watoto yamo humo humo.

Na ikiwa imeamuliwa friji iuzwe, mnunuzi aelezwe kuwa inanguruma, na aelezwe kabla hajatoa pesa.