Kwasari na Mpaka wa Shamba

Anayeshangaa kwa nini jarida linalohaririwa Marani limetenga toleo zima kwa kwasari na galaksi amilifu, na aende akasikilize kesi ya mpaka. Hapa Kisii ardhi imegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vipande vingine havitoshi nyumba na migomba, na hatua moja ya udongo huwanyima ndugu wa tumbo moja salamu kwa miaka. Mpima ardhi wa siku hizi huja na kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti. Hukisimamisha juu ya jiwe la mpaka, akasoma mahali pake kwa usahihi wa sentimita chache, na mzee aliyeapa kwamba mpaka ni ule mti wa babu yake hunyamaza, angalau kwa siku hiyo.

Usahihi huo hauanzii kwenye setilaiti. Setilaiti huizunguka dunia, na dunia yenyewe haitulii: kasi ya kujizungusha kwake hubadilika kidogo kidogo, mhimili wake huyumba, mabara husogea. Huwezi kujua setilaiti iko wapi juu ya Marani bila kujua kwanza Marani imeelekea upande gani wa anga wakati huo. Hapo hutakiwa alama isiyosogea, na bora iliyopatikana ni kwasari. Hiki ni kiini cha galaksi ya mbali ambamo shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua huvuta gesi. Gesi hiyo, kabla ya kumezwa, huwaka kupita nyota zote za galaksi yake zikiwekwa pamoja. Umbali ni mkubwa mno hivi kwamba kwetu kwasari huonekana imetulia mahali pamoja. Vituo vya redio katika mabara mbalimbali huisikiliza kwasari ileile kwa wakati mmoja na kupima tofauti ya muda wa mawimbi kufika kila kituo. Kwa tofauti hiyo hujulikana dunia imegeuka kiasi gani. Orodha ya kimataifa inayotumika tangu Januari 2019 ina vyanzo 4,536 vya namna hii, karibu vyote vikiwa viini vya galaksi amilifu, yaani galaksi ambazo shimo jeusi lao humeza gesi kwa namna hiyo.

Basi kwasari si anasa tunayoomba ruhusa ya kuitazama. Tunaitegemea tayari. Malalamiko ya toleo hili ni kwamba tumeitegemea, na hata kuisaidia ijulikane, huku kazi yenyewe ya kupima na kufasiri ikifanywa na wengine.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani. Sisi tulitoa ikweta na jina: Uhuru. Ikweta haikuwa mchango mdogo, maana setilaiti inayopita juu yake hukwepa sehemu kubwa ya chembe zinazovuruga vipimo, na roketi hupata msukumo wa bure kutokana na mzunguko wa dunia. Kazi ilipokwisha mwaka 1973, Uhuru ilikuwa imeacha data zilizozaa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, galaksi amilifu zikiwamo. Oktoba 1974 Ariel 5 ya Uingereza ilirushwa kutoka papo hapo, na ndiyo iliyoonyesha kwamba galaksi za Seyfert, ambazo viini vyake ni kama kwasari zenye nguvu pungufu, hutoa eksirei kama kundi zima. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Data zilisomwa Massachusetts na Leicester. Malindi ilibaki na picha za roketi.

Je, mambo yamegeuka? Kwa kiasi. Mirjana Pović, mzaliwa wa Serbia, amechunguza galaksi amilifu akiwa Addis Ababa na kulea wanafunzi wa eneo hili. Kenya ni mmoja wa washirika wanane wa Afrika Kusini katika mradi wa darubini kuu ya redio ya SKA, na dishi la zamani la mawasiliano ya setilaiti la Longonot liliwekwa katika mpango wa kugeuzwa darubini ya redio. Ghana ilitutangulia: dishi lake la Kuntunse lilizinduliwa mwaka 2017.

Lakini hatuandiki kuomba darubini ijengwe Marani. Kwasari mashuhuri kuliko zote, 3C 273, ambayo Maarten Schmidt aliutambua umbali wake mwaka 1963, hupita karibu kabisa na utosi wetu katikati ya Mei, baina ya saa tatu na saa nne usiku. Huo ni msimu wa masika, na anayeijua milima hii anajua tutaona nini: mawingu. Data hazina masika. Orodha ya Sloan, mradi wa kupima anga, ina kwasari zaidi ya 750,000, na yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuichukua bila kulipa hata senti. Kinachotukwamisha ni fizikia, somo ambalo wanafunzi wengi wa mfumo wa 8-4-4 waliliacha walipofika kidato cha tatu, mara nyingi kwa kuambiwa kwamba halina kazi. Bodi ya shule inayojenga lango jipya huku maabara ikikosa umeme haina haki ya kulalamika kwamba sayansi ni ya wageni.

Ndiyo sababu makala ya kwanza, badala ya kusimulia maajabu, inatoa hesabu: mistari ya haidrojeni katika nuru ya 3C 273 imesogea kuelekea wekundu kwa asilimia 15.8, je, iko mbali kiasi gani? Hatukuchapisha jibu. Walimu wa fizikia watuletee majibu ya wanafunzi wao, yakiwa na njia yote iliyofuatwa, nasi tutayachapisha katika toleo lijalo pamoja na makosa yake.